Gari halitulii kwenye lifti ya nguzo mbili: dalili, chanzo na dawa yake

Gari likiwa limenyanyuliwa sentimeta 10, kosa lolote la kulipanga bado lina msamaha: unalishusha, unasogeza mikono, unaanza upya. Kosa hilohilo likigundulika gari likiwa juu ya kichwa chako halina msamaha. Ndiyo maana karibu kila dalili nitakayoitaja hapa inatafutwa kwenye hizo sentimeta 10 za mwanzo, kabla mtu yeyote hajaingia chini.

Nazungumzia lifti ya nguzo mbili yenye mikono minne, ya tani 4 hivi, aina ambayo mafundi wanaofanyia kazi nyumbani wameanza kuinunua badala ya kuchimba shimo. Ya kwangu iko uani, chini ya banda la bati. Lifti ya nguzo nne, ambayo gari hupanda likiwa limekanyaga kwa tairi zake, haina sehemu kubwa ya shida hizi. Ukiwa na hiyo, ruka hadi kwenye loki (vyuma vinavyokamata lifti isishuke) na umeme.

Kwanza, katikati ni wapi?

Kuna katikati mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni uzito wa gari ukilinganisha na vikombe, yaani zile sahani za duara zenye raba kwenye ncha za mikono. Uzito lazima uangukie ndani ya vikombe vinne, tena kwa nafasi ya kutosha kila upande. Hapa ndipo panapoamua kama gari litapinduka au halitapinduka. Ya pili ni uzito huohuo ukilinganisha na nguzo. Hii ndiyo inayoamua nguzo zinakazwa kiasi gani, bolti za sakafuni zinavutwa kiasi gani, na kama mikono itafika inakotakiwa.

Hizi mbili zimefungana. Ukiegesha gari vibaya, mikono haifiki. Mikono isipofika, mkono wako mwenyewe unashawishika kuweka kikombe “hapo hapo karibu”. Gari nyingi zinazoanguka huanza kuanguka pale.

Na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo nusu ya urefu kutoka bampa hadi bampa. Injini iko mbele, giaboksi iko mbele, buti ni hewa tupu. Kwa gari dogo linalovutwa na tairi za mbele, kitovu cha uzito huwa karibu na usukani au mbele kidogo ya kiti cha dereva. Kwa linalosukumwa na tairi za nyuma, husogea hadi chini ya kiti chenyewe.

Ukitaka kwa namba, hesabu ni nyepesi. Chukua umbali wa ekseli ya mbele hadi ya nyuma, zidisha kwa sehemu ya uzito iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Jibu ni umbali wa kitovu cha uzito kutoka ekseli ya mbele. Toyota IST ina milimita 2,500 kati ya ekseli. Tuseme asilimia 60 ya uzito iko mbele na 40 nyuma: 2,500 mara 0.40 ni 1,000. Kwa hiyo uzito unasimama mita moja nyuma ya ekseli ya mbele. Nenda kapime mita hiyo kwa futi kamba. Utaangukia karibu na bawaba za mlango wa mbele. Mimi hubandika kipande cha karatasi ya gundi hapo, pande zote mbili, ndipo naingiza gari.

Dalili: mikono haifiki kwenye sehemu za kunyanyulia

Nimeianza hii kwa sababu ndiyo mama wa nyingine. Mkono wa nyuma umeuvuta mpaka mwisho, na kikombe bado kina nusu futi kufika pale alipokusudia mtengenezaji wa gari. Au wa mbele umekunjika mpaka unagusa tairi.

Chanzo karibu siku zote ni gari, si lifti. Limesimama mbele mno au nyuma mno. Dawa ni moja: toa mikono yote chini, sogeza gari, panga upya. Inachosha, najua, hasa gari likiwa haliwaki na mmelisukuma watu wanne kuliingiza. Sukumeni tena.

Ili usisukume mara tatu, tundika timazi. Funga uzi kwenye boriti ya paa, katikati kabisa ya nguzo mbili, uning'inie hadi usawa wa kioo cha mbele. Halafu piga mstari mweupe sakafuni kutoka nguzo hadi nguzo, na mwingine unaoukata katikati kuelekea mlango wa banda. Mstari wa kwanza unakuonyesha mbele na nyuma, wa pili unakuonyesha kushoto na kulia. Gari unaloliingiza mara kwa mara, likishakaa vizuri siku moja, chora pale tairi ya mbele ilipogusa na uandike jina lake. Sakafu yangu imeandikwa “IST”, “Probox”, “Prado” kama mlango wa choo cha shule.

Kabla ya hapo, jua lifti yako ni ya aina gani. Kuna zile ambazo nguzo zinatazamana uso kwa uso na mikono yote minne ni ya urefu unaolingana. Hizo zinataka kitovu cha uzito kikae kwenye mstari wa nguzo. Kuna nyingine ambazo mikono ya mbele ni mifupi, ya nyuma mirefu, na mara nyingi nguzo zenyewe zimegeuzwa kidogo. Hizo zimetengenezwa gari likae nyuma zaidi, takriban asilimia 30 ya urefu mbele ya nguzo na 70 nyuma yake. Gari huingia kwa pua kwenye lifti ya aina hii. Ukiingiza kwa kurudi nyuma, upande mzito unaukalisha juu ya mikono mirefu, na hesabu yote inageuka.

Na sehemu za kunyanyulia? Gari dogo lisilo na chesisi lina ukingo wa bati chini ya milango, na kwenye ukingo huo kuna alama za kukatwa, mbili karibu na tairi ya mbele na mbili karibu na ya nyuma. Kikombe hukaa kati ya alama mbili za kila jozi, ambapo bati limewekwa nguvu ya ziada. Hilux, Prado, Land Cruiser na wenzake hubebwa kwenye chesisi, sehemu bapa. Si kwenye ngazi za pembeni, si kwenye tenki, si kwenye bomba la moshi.

Dalili: unaponyanyua, pua inazama au mkia unazama

Hapa nitakaa kidogo.

Shemeji yangu alileta Hilux ya milango minne tumwagie mafuta ya giaboksi. Ilikuwa jioni, kila mtu ana haraka. Aliingiza gari mwenyewe na akasimama kabla ya kufika kwenye mstari. Mikono ya nyuma haikufika kule nilikozoea, karibu na kikalio cha mbele cha springi za bapa, nikaridhika na chesisi mahali ilipokuwa inapatikana. Nikaanza kuzungusha vikombe kuvipandisha. Vya nyuma viligusa mapema. Vya mbele bado vilikuwa na nafasi ya vidole viwili. Hiyo ilikuwa dalili tosha na sikuisoma. Nikavipandisha vya mbele vikafikia, nikabonyeza swichi, tairi zikaachana na sakafu. Nikaenda nyuma, nikaegemea bampa kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba.

Pua ikanyanyuka. Vikombe vya mbele vikaachana na chesisi, nikaona mwanga katikati.

“Shemeji, huko nyuma kuna nini?”

“Hamna kitu. Saruji kidogo tu, mifuko sita.”

Ilikuwa chini ya turubai. Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Hilux ile ina milimita 3,085 kati ya ekseli. Ikiwa tupu, tuseme kilo 1,800, na asilimia 45 iko nyuma, uzito unasimama kama sentimeta 139 nyuma ya ekseli ya mbele. Ongeza kilo 300 za saruji juu ya ekseli ya nyuma: gari linakuwa kilo 2,100, na kitovu kinarudi hadi sentimeta 163. Mifuko sita imekisogeza karibu sentimeta 24. Vikombe vyangu vya nyuma vilikuwa sentimeta 175 hivi. Kilichobaki kati ya uzito wa gari na ukingo wa kupinduka ni sentimeta 12, chini ya upana wa kiganja kilichonyooshwa.

Kuna jambo la pili kwenye hesabu ile ambalo lilinitisha zaidi. Vikombe vya mbele vilikuwa sentimeta 60 kutoka ekseli. Kwa mpangilio huo, mikono miwili ya mbele ilikuwa imebeba kilo zisizozidi 220, na miwili ya nyuma karibu kilo 1,900. Lifti ya tani 4 maana yake ni tani moja kila mkono. Kwa jumla nilikuwa nusu ya uwezo wa lifti. Kwa mikono ya nyuma nilikuwa karibu mwisho. Lifti nyingi zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1493 huandika kwenye maelezo yake mgawanyo unaoruhusiwa kati ya mbele na nyuma, kwa kawaida 2 kwa 3 au 3 kwa 2. Wangu ulikuwa kama 1 kwa 9.

Kwa hiyo, ukiona mkia unazama, uliza maswali kwa mpangilio huu. Kuna mzigo? Fungua buti mwenyewe, usiulize mwenye gari. Kwake yeye mzigo ni kile anacholipia ushuru tu. Angalia na keria ya juu. Vikombe vya nyuma viko mbele mno? Gari halikufika kwenye mstari? Halafu, umeng'oa nini? Hili la mwisho ndilo linalowapata wazoefu, kwa sababu gari lilipanda likiwa limetulia.

Turudi kwenye IST. Tuseme ina kilo 1,050, mbele 630 na nyuma 420. Ukishusha injini pamoja na giaboksi, kama kilo 150, mbele zinabaki 480. Kitovu kinatoka sentimeta 100 kinakwenda 117. Gari halijaguswa, limebaki palepale, lakini uzito umetembea sentimeta 17 kuelekea nyuma. Kama vikombe vimekaa kwenye alama zake, nafasi bado ipo. Kama uliweka “hapo hapo karibu”, nafasi imekwisha. Kabla ya kung'oa chochote kizito, weka stendi ndefu chini ya upande utakaobaki mzito: ukitoa injini, stendi iende nyuma, ukitoa ekseli ya nyuma au difu, iende mbele. Stendi hiyo iguse tu, isisukume. Ukiikaza ikanyanyua gari, unaondoa uzito kwenye vikombe vya upande huo, na umetengeneza tatizo jipya.

Pua kuzama ni ndugu yake, ila chanzo cha kawaida ni vikombe vya mbele kurudi nyuma mno. Kwenye IST vikombe vya mbele vikikaa sentimeta 50 nyuma ya ekseli, uzito uko sentimeta 50 nyuma yake tena, salama. Vikikaa 90 kwa sababu gari limepitiliza mstari, zimebaki 10. Anayevuta nati ya mbele kwa spana yenye bomba refu anaweza kuzimaliza.

Magari yenye injini chini ya viti vya mbele, kama Noah za zamani na Hiace, yana tabia yake. Uzito wa abiria na wa mizigo uko nyuma ya injini, kwa hiyo Hiace tupu na Hiace yenye viti vyote, spea na genge la vitu vya kondakta si gari moja. Pima upya kila linapokuja.

Dawa ya zote ni kushusha na kupanga upya. Usijaribu kusawazisha kwa kumwambia mtu akae kwenye boneti. Nimeona likifanyika.

Dalili: gari limelala upande mmoja

Kabla ya kugusa kitu, chukua futi kamba. Pima kutoka sahani ya chini ya nguzo hadi ukingo wa chini wa kile kibebeo kinachopanda ndani ya nguzo, upande wa kushoto kisha wa kulia. Kipimo hiki kinagawa tatizo mara mbili, na kinakuokoa na kubahatisha kwa jioni nzima.

Vibebeo vikiwa havilingani, tatizo ni la lifti. Mara nyingi ni waya za kusawazisha, zile zinazofanya upande mmoja usimwache mwenzake. Waya mpya hunyooka baada ya miezi ya mwanzo na huhitaji kukazwa, lifti ikiwa tupu na imekaa kwenye loki. Ikiwa tofauti ni kubwa, kama sentimeta 7 au 10, angalia loki kwanza: huenda upande mmoja umekaa tundu moja chini ya mwenzake. Pandisha kidogo, sikiliza pande zote mbili zikamate, shusha tena juu ya loki. Waya yenye uzi hata mmoja uliokatika haikazwi. Inabadilishwa.

Vibebeo vikilingana na gari bado limelala, basi ni vikombe au sakafu. Vikombe vya kuzungusha huwa vimeachwa kwa kimo tofauti na mtu wa mwisho kutumia lifti. Virudishe vyote chini kabisa uanze sifuri. Sakafu nyingi za uani zimemwagwa na mteremko ili maji ya mvua yatoke, na nguzo moja ikikaa chini kuliko nyingine, gari litainama siku zote, kila gari, upande uleule. Hiyo hurekebishwa kwa vipande vya chuma chini ya sahani ya nguzo, kwa kiasi ambacho kitabu cha lifti kinaruhusu. Si kwa mbao.

Springi iliyochoka au shokapu iliyokufa haiwezi kulaza gari lililo juu. Lifti imebeba bodi. Tairi na springi zinaning'inia tu. Mteja akikwambia “hilo linainama kwa sababu ya springi”, mwambie akae kwenye benchi.

Kuna na gari lililosimama kushoto mno au kulia mno kati ya nguzo. Hili halionekani kwa kuinama, linaonekana kwa mikono: upande mmoja imevutwa mpaka mwisho, mwingine imekunjwa. Pima nafasi kati ya ukingo wa mlango na nguzo pande zote mbili. Tofauti ya sentimeta 2 au 3 sijali. Ikifika 10, natoa gari nje.

Dalili: gari linacheza ukilitikisa

Kila gari hutikisika kidogo likisukumwa bampa. Raba ni raba. Kinachotakiwa ni litikisike kama kitanda imara na kurudi. Likigonga “tok, tok”, kikombe kimoja hakijabeba. Zunguka vyote vinne, jaribu kukizungusha kila kimoja kwa mkono. Kinachozunguka ndicho chenye njaa. Shusha, kipandishe kikutane na wenzake, anza tena.

Kama ni mkono mzima unaosogea kwenda pembeni, angalia meno yaliyo kwenye shina la mkono. Mkono ukiwa chini kabisa, meno huachia ili uuzungushe. Ukipanda kidogo, hushikana. Tope, grisi iliyoganda au mkono uliosimama katikati ya meno mawili huzuia. Usukume kidogo kushoto na kulia mpaka usikie umekamata. Meno yaliyolika au pini iliyopotea hayana dawa ya kamba wala waya wa kufungia.

Dalili: mlio wa bati

“Krrr” ndefu wakati tairi zinaachana na sakafu. Simama hapohapo.

Aidha kikombe kimekaa nje ya zile alama mbili, au kimekaa kwenye ngazi ya pembeni au plastiki ya urembo, au bati limeoza. Hili la tatu tunalo sana. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu chini hata kama rangi ya juu inang'aa. Na gari lililokaa miaka karibu na bahari halihitaji theluji. Kabla ya kulipandisha, gonga ukingo kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza hujibu kama kadibodi, na vumbi jekundu linadondoka. Hilo usilibebe pale. Tafuta sehemu nyingine ambayo mtengenezaji ameitaja, au fanyia kazi kwa jeki na stendi.

Raba ya kikombe iliyopasuka au iliyolowa mafuta nayo huleta mlio, mwembamba zaidi, wa kuteleza. Badilisha. Ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye lifti nzima.

Dalili: mlango unagonga nguzo

Ni kero, si hatari, mpaka mtu aamue kuitatua kwa kurudisha gari nyuma kwenye lifti ya mikono inayolingana. Ameona kwa jirani mlango unafunguka vizuri, anaiga. Lakini ya jirani ni ile ya nguzo zilizogeuzwa. Kwenye yako, uzito wote sasa uko nyuma ya nguzo na vibebeo vinajikunja ndani ya reli zake. Toka kwa mlango wa abiria. Au funga sponji kwenye nguzo.

Dalili: nguzo inatikisika, bolti zinalegea

Hii ukiiona, hakuna gari linalopanda siku hiyo. Vitabu vingi vya lifti za ukubwa huu vinataka zege la unene usiopungua milimita 100, lililokaa siku 28 kabla ya kuchimbwa matundu ya bolti. Sakafu ya kawaida ya banda mara nyingi ni nyembamba kuliko hapo. Ukikaza bolti leo na wiki ijayo imelegea tena, zege linasagika chini. Kukaza zaidi kunalisaga zaidi. Tafuta ufa unaotoka kwenye tundu la bolti. Ukiupata, kata sakafu, mwaga kitako kipya chenye nondo.

Gari linaloegeshwa mbele mno kila siku huzivuta bolti za upande mmoja kila siku, kwa hiyo bolti za nyuma tu zikilegea, kabla ya kumlaumu fundi wa zege rudi kwenye mistari yako ya rangi. Na kama unapokea wateja, hapo nyumbani pamekuwa mahali pa kazi. Kwa Tanzania, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hukagua vifaa vya kunyanyulia chini ya sheria ya mwaka 2003, na mkaguzi ataanza kutazama palepale kwenye bolti.

Loki, umeme na kushuka

Sikiliza milio miwili, kushoto na kulia. Ukisikia mmoja, upande mmoja haujakamata. Ukishafika kimo unachotaka, shusha gari likalie loki. Lisibaki limebebwa na mafuta ya haidroli peke yake, hata kama unaingia chini dakika mbili kuangalia bomba tu.

Umeme ukikatika gari likiwa kwenye loki, hakuna kilichotokea, endelea na tochi. Ila halitashuka mpaka urudi, kwa sababu lifti inahitaji kupanda kidogo ili loki ziachie. Nimewahi kulala na gari la mtu juu kwa sababu hiyo, na mwenye gari akapanda bodaboda akinung'unika. Usizigonge loki kwa nyundo kumfurahisha. Na jioni umeme ukiwa mdogo, mota ikaunguruma bila kupandisha, achia swichi. Ukiing'ang'aniza utaunguza kapasita.

Gari likianza kuteleza likiwa juu, usilishike. Kimbia kuelekea pua au mkia, popote penye uwazi, usijibane kati yake na ukuta. Ndiyo sababu njia hizo hazipaswi kuwa na ndoo, mtungi wa gesi, wala kiti cha mteja.

Wakati wa kushusha, toa stendi zote kwanza na ukague mara mbili, maana stendi iliyosahaulika itanyanyua upande mmoja gari likiwa linashuka. Tairi zikigusa, endelea kushusha mpaka mikono ifike chini kabisa na meno yaachie, kisha izungushe yote minne itoke chini ya gari. Hesabu kwa kuigusa: moja, mbili, tatu, nne. Wa nyuma upande wa abiria ndio unaosahaulika, kwa sababu dereva hakioni kikombe chake akiwa ameshika usukani.